Malazi ya Chomboni: Kitanda cha Baharia ni Suala la Tiba

Katika zahanati za mwambao, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hupita mgonjwa ambaye sura yake hubadilika lakini habari yake haibadiliki. Ni mwanamume wa makamo, viganja vyake vimekomaa kwa kamba, na shida yake ni kiuno. Huamka alfajiri akiwa amekakamaa, hujinyoosha kwa taabu, kisha maumivu humfuata kazini. Mhudumu humwuliza kama hubeba mizigo mizito, naye hujibu kuwa hubeba. Humwuliza kama amewahi kuanguka, naye hujibu kuwa hajapata. Hupewa dawa ya kutuliza maumivu ya siku tano, hunasihiwa apunguze kunyanyua vitu vizito, naye hurejea chomboni. Swali moja halikuulizwa: analala wapi?

Kama lingeulizwa, jibu lingemshangaza muulizaji. Baharia huyo hulala juu ya magunia ya mkaa chombo kinapotoka Kilwa, au juu ya boriti za mikoko, au juu ya rundo la nyavu lililofunikwa kwa turubai. Mvuvi mwenzake hulala juu ya mbao tupu za sitaha, mgongo ukiwa umepitana na taruma, kichwa kikiwa juu ya kifurushi cha nguo. Wako pia watu wachache, baadhi yao wastaafu na wageni, waliofanya mashua zenye vyumba kuwa makazi yao katika hori za Kilifi na Mtwapa. Hao wana magodoro, lakini mara nyingi magodoro yenyewe huwa mabichi upande wa chini na yamejaa kuvu. Makundi haya yametengwa na utajiri, lakini yameunganishwa na jambo moja: hakuna tabibu anayewauliza habari za kitanda.

Makala haya yanashikilia kwamba malazi ya chomboni ni suala la tiba na usalama, wala si anasa. Yanashikilia pia kwamba kitanda kinachofaa kwa chombo kidogo kinaweza kutengenezwa kwa vifaa vinavyopatikana katika soko la kawaida, na kwamba mhudumu wa afya anayehudumia watu wa majini ana wajibu wa kukiulizia kama anavyoulizia maji ya kunywa na choo.

Kipimo kilichomruka baharia wa jahazi

Dunia haijakosa kipimo cha kitanda cha baharia. Mkataba wa Kazi za Ubaharia uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2006 unataja hata sentimita: kitanda cha baharia kisipungue urefu wa sentimita 198 na upana wa sentimita 80 kwa ndani. Hiki ni kipimo cha mtu mzima anayeweza kujinyoosha na kujigeuza. Hata hivyo, mkataba huohuo, katika ibara inayoeleza ni vyombo gani vinahusika, unaviacha nje vyombo vya uvuvi pamoja na vyombo vya ujenzi wa jadi, na majahazi yametajwa kwa jina lake. Kwa maneno mengine, jahazi limekumbukwa na sheria ili lisamehewe masharti yake.

Mkataba wa Kazi katika Uvuvi wa mwaka 2007, ambao ulianza kutumika mwezi Novemba mwaka 2017, ulikuja kuziba sehemu ya pengo hilo. Lakini nao, unapofika kwenye vipimo vya vitanda, unavielekeza kwa vyombo vyenye urefu wa mita 24 na zaidi. Mashua za dagaa, madau na ngalawa za mwambao huu hazikaribii urefu huo. Kilichobaki kwa mvuvi wa chombo kidogo ni kanuni ya saa za kupumzika: kwa chombo cha ukubwa wowote kinachokaa baharini zaidi ya siku tatu, mvuvi apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Ni kanuni njema. Ila saa 10 juu ya taruma si saa 10 za mapumziko, na hapo ndipo tabibu anapoitwa kusema neno.

Historia inaonyesha kwamba kipimo cha malazi ya baharia hakikuwekwa na mwili wake, bali kiliwekwa na nafasi aliyobakishiwa. Mwishoni mwa karne ya 15 Wazungu waliofika visiwa vya Karibi waliwakuta wenyeji wakilala katika machela zilizofungwa baina ya nguzo mbili. Manowari za Kiingereza baadaye zilizichukua machela hizo, zikawapanga mabaharia chini ya sitaha kwa kuhesabiana inchi 14 kila mmoja, yaani takriban sentimita 36. Machela yenyewe ilikuwa uvumbuzi mzuri, kwa kuwa huning'inia wima chombo kinapoyumba na humwinua mlalaji kutoka kwenye mbao zenye maji. Kilichomtesa baharia yule kilikuwa ule msongamano. Funzo lake ni kwamba chombo chembamba hakimlazimishi mtu kulala vibaya, ila mpangaji wa chombo anaweza kumlazimisha.

Usingizi uliokatikakatika

Mtu mzima huhitaji usingizi wa saa saba au zaidi kwa siku. Anayelala juu ya kitu kigumu chenye ncha huenda akapata saa hizo kwa hesabu ya saa ya ukutani, lakini hazipati kwa hesabu ya ubongo. Kila mara nyonga au bega linapobanwa, mwili hujigeuza, na kila mgeuko huweza kumtoa mlalaji katika usingizi mzito hadi mwepesi. Chomboni kuna jambo la ziada: chombo kinapoinama, misuli ya mlalaji asiye na kizuizi hukaza ili asiviringike. Mtu huyo amelala, lakini misuli yake inafanya kazi usiku kucha.

Madhara yake hayaishii kwenye uchovu. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha matokeo yaliyotajwa sana tangu hapo. Walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono kwa kiwango kinacholingana na cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, na kwamba akifikisha saa 24 kiwango hicho hukaribia asilimia 0.10. Nahodha asiyeonja pombe maisha yake yote, akiwa hajapata usingizi tangu jana alfajiri, anashika usukani akiwa na mikono ya mlevi. Abiria hawasikii harufu yoyote, na hakuna askari wa kumpima.

Mvuvi wa dagaa ana mzigo mwingine. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, kwa hiyo mvuvi hulazimika kulala mchana, kinyume na saa ya mwili wake, jua likiwa kali na ufuko ukiwa na kelele za wanaoanika na wanaonunua. Usingizi wa mchana ni mfupi na mwepesi hata katika nyumba tulivu. Ukiongezewa mbao tupu na jua la saa sita, hubaki jina tu. Mtu wa namna hiyo ndiye anayehitaji kitanda kizuri kuliko mwenye kulala usiku, na ndiye asiye nacho.

Tezi, omo na ngama

Wahenga wa pwani walisema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msemo huu una mafunzo mengi, na mojawapo ni la malazi. Chombo kinapopanda na kushuka mawimbini, omo na tezi ndizo zinazotupwa juu na chini zaidi, ilhali katikati, karibu na ngama, mwendo ni mdogo. Anayechagua mahali pa kulala wakati chombo kiko safarini na achague katikati na chini, urefu wa mwili ukifuata urefu wa chombo. Anayelala omoni atarushwa kama punje katika ungo. Chombo kinapokuwa kimetia nanga katika hori tulivu, omo huwa mahali pazuri pa kulala kwa kuwa hupata upepo. Kwa sababu hiyo, anayeishi chomboni hahitaji kitanda kimoja kwa nyakati zote. Anahitaji mahali pawili na godoro moja linalohamishika.

Upana nao una hekima yake. Nchi kavu, kitanda kipana ni raha. Majini, wakati wa safari, kitanda kipana ni uwanja wa kuviringika. Sentimita 55 hadi 60 zinatosha mtu mmoja mwenye umbo la wastani kulala bila kuchezacheza, mradi upande ulio wazi uwe na kizuizi. Kizuizi hicho ni kipande cha turubai au kitambaa kizito, kimepigiliwa chini ya godoro na kufungwa juu kwa kamba mbili kwenye boriti. Chombo kinapoinamia upande wa demani, mlalaji huegemea kitambaa badala ya kuanguka sakafuni, na misuli yake hupata ruhusa ya kulegea. Mafundo yawe ya kufunguka kwa mvuto mmoja, kwa kuwa anayelala chomboni lazima aweze kutoka gizani kwa haraka. Jaketi okozi liwe mahali mkono unapofika bila kutafuta.

Kuhusu ugumu wa godoro, pwani kuna imani ya zamani kwamba mwenye maumivu ya kiuno na alale juu ya ubao. Imani hiyo iliwahi kuenezwa na madaktari wenyewe, na ni haki madaktari ndio waisahihishe. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu yasiyo na chanzo mahususi. Nusu walipewa magodoro magumu na nusu magodoro ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia ugumu wa wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi, ya maumivu kitandani na ya ulemavu wa shughuli za kila siku. Ubao si dawa ya kiuno, na godoro linalozama kama tope si dawa pia. Uti wa mgongo hutaka kubaki katika umbo lake la asili, nyonga na bega zikizama kidogo na kiuno kikipata tegemeo.

Kwa godoro la sponji la kulalia chomboni, unene wa sentimita 10 ni kianzio cha haki. Chini ya hapo, anayelala ubavu huigusa mbao kwa nyonga. Ipo njia rahisi ya kupima dukani, isiyohitaji chombo chochote: mnunuzi aliweke godoro sakafuni, apige goti moja katikati yake na kuliegemezea uzito. Akihisi sakafu kwa goti, nyonga yake nayo itaihisi saa nane za usiku. Godoro la sufi au la usumba lina sifa ya kupitisha hewa, lakini likilowa hukauka kwa shida na hujikusanya mabonge. Sponji ya kawaida hunywa maji, ilhali ile yenye matundu yaliyozibwa, kama ya mikeka ya mazoezi, hainywi. Mwenye uwezo mdogo anaweza kuunganisha hizo mbili: tabaka jembamba lisilonywa maji chini, na sponji laini zaidi juu.

Adui mkubwa wa kitanda cha chomboni ni unyevu, na unyevu huo hautoki baharini peke yake. Mlalaji mwenyewe hutoa maji kwa pumzi na jasho usiku kucha. Mvuke wa mwili hupenya godoro, hukutana na mbao zilizopoa kwa maji yaliyo nje, nao hugeuka matone. Godoro lililowekwa moja kwa moja juu ya mbao huota kuvu upande wa chini ndani ya wiki chache, hata chombo kisipovuja. Tiba yake ni chaga. Vipande vya mbao vilivyopangwa kwa kuachana sentimita chache, vikiinua godoro kutoka sakafuni, huruhusu hewa ipite. Godoro liinuliwe na kuegemezwa kila asubuhi. Likiingiwa na maji ya bahari, lisuuzwe kwa maji baridi ya mvua au ya kisima kabla ya kuanikwa, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani yake huvuta unyevu wa hewa, na godoro la namna hiyo haliwi kavu kamwe, hata likianikwa siku saba.

Hatari zisizoonekana

Kitanda kizuri mahali pabaya ni mtego. Hatari ya kwanza ni moshi. Katika msimu wa kusi, usiku wa mvua na baridi, mabaharia huteremsha jiko la mkaa chini ya sitaha au chini ya turubai lililofungwa, wakapika na kulala humo. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mlalaji haamki kwa kukohoa. Huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na dalili hizo chomboni huitwa kichefuchefu cha bahari, na zahanati huitwa malaria.

Hapa mhudumu wa afya anahitaji tahadhari maalumu. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa huyu, kwa sababu kifaa cha kawaida hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na kaboni monoksidi. Kinachofichua ukweli ni maswali. Je, wenzake wa chombo kimoja wameugua usiku uleule? Je, alipata nafuu alipotoka nje? Je, kulikuwa na jiko au injini iliyokuwa ikifanya kazi? Jibu la ndiyo linatosha kumpa mgonjwa oksijeni bila kungoja kipimo kingine. Kwa mabaharia wenyewe kanuni ni moja: jiko na mlalaji wasilale chumba kimoja.

Hatari ya pili ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutiririka na kutuama ngamani, palepale ambapo mwendo wa chombo ni mdogo na usingizi ni mtamu. Madumu ya mafuta yakae juu, nje, mbali na malazi, na ngama ipigwe hewa kabla ya mtu kushuka kulala. Hekima ya ngama ina sharti lake.

Hatari ya tatu ni mbu. Wengi hudhani bahari haina malaria kwa kuwa maji yake ni ya chumvi. Katika mwambao wa Afrika Mashariki yuko mbu wa jamii ya Anopheles, aitwaye Anopheles merus, ambaye mabuu wake hukua katika maji ya chumvichumvi, katika madimbwi ya pembezoni mwa mikoko. Chombo kilichotia nanga horini kiko kwenye mlango wa nyumba yake. Chandarua chenye dawa kinaweza kufungwa chomboni kama kinavyofungwa chumbani, kikiwa na kamba nne na pindo zilizochomekwa chini ya godoro, na pindo hazishikiki kwenye magunia. Kwa maana hiyo godoro ni sehemu ya kinga ya malaria.

Hatari ya nne huwatisha wagonjwa kupita kiasi na wakati mwingine huwapotosha wahudumu. Mvuvi aliyechoka kupita kipimo hulala fofofo, mkono umening'inia juu ya ukingo wa mbao. Huamka akiwa hawezi kuinua kiganja. Neva inayozunguka mfupa wa mkono wa juu imebanwa kwa saa kadhaa. Neva nyingine, inayopita kando ya goti, ikibanwa namna hiyo, wayo hushindwa kuinuka na mgonjwa huburuta vidole. Jamaa husema ni kiharusi au ni jini la bahari. Uchunguzi wa makini huonyesha kwamba uso uko sawa, usemi uko sawa, na udhaifu umefuata njia ya neva moja tu. Wengi wa wagonjwa hawa hupona katika wiki au miezi michache, mradi wasirudi kulala juu ya ukingo uleule.

Wenye kuhitaji uangalizi zaidi

Mgonjwa wa kifafa anayefanya kazi majini hukabiliwa na hatari maradufu, kwa sababu kukosa usingizi huchochea kifafa na kifafa karibu na maji huua. Huyo anapaswa kupewa ushauri wa wazi juu ya kuendelea na kazi hiyo, na asilale kamwe peke yake wala ukingoni. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo hatahisi msumari wala ukingo unaomchimba, hivyo akague miguu yake kila aamkapo. Mwenye kiungulia cha usiku hupata nafuu akiinua upande wa kichwa na kulala ubavu wa kushoto. Lakini mtu anayeanza kuhitaji mito miwili au mitatu ili apumue hana tatizo la mto, bali huenda moyo wake umeanza kushindwa, naye apimwe haraka. Anayetumia vidonge vya kuzuia kichefuchefu cha bahari ajue kwamba vingi vyao huleta usingizi, asivimeze kabla ya zamu ya usukani.

Na si kila kiuno kinachouma kinatibiwa kwa godoro. Maumivu yanayoambatana na homa, kupungua uzito, udhaifu wa miguu, ganzi ya sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo yanahitaji hospitali siku hiyohiyo. Kijana ambaye ukakamavu wake wa asubuhi unadumu zaidi ya nusu saa, kwa zaidi ya miezi mitatu, anahitaji uchunguzi wa ugonjwa wa viungo. Kuulizia kitanda hakuondoi wajibu wa kupima mwili, bali kunaukamilisha.

Pingamizi tatu na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni la fahari. Baharia wa kweli, husemwa, hulala popote. Ni kweli kwamba mwili huzoea mengi, na ni kweli pia kwamba bahari ina ulazi wake. Mwaka 2019 watafiti wa Geneva walionyesha kwamba kitanda kinachobembea polepole huwafanya vijana wenye afya kupata usingizi mapema na kulala usingizi mzito zaidi. Lakini kubembea polepole si kwenda mrama, na aliyezoea kulala vibaya hajaacha kuumia, ameacha kulalamika tu. Vijana wanaodharau mkeka leo ndio watakaopanga foleni ya kiuno kesho.

Pingamizi la pili ni la nafasi. Chombo kidogo hakina pa kuweka kitanda. Jibu ni kwamba kitanda cha chomboni hakihitaji tendegu wala kudumu mahali pamoja. Chaga zinazokunjwa, godoro la kuviringishwa lililowekwa katika mfuko usiopenya maji, na machela ya kamba kwa wenye mlingoti na nguzo ya kufungia, vyote hutoweka asubuhi kazi inapoanza.

Pingamizi la tatu ni la fedha, nalo ndilo lenye uzito. Mvuvi hana mshahara, ana mgao. Mapato ya safari hutolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na chakula, kisha kilichobaki hugawanywa baina ya tajiri wa chombo na mabaharia. Katika utaratibu huo, godoro ni mali ya mtu binafsi, na mtu binafsi atanunua unga kabla ya sponji. Hapa makala haya yanatoa pendekezo moja: malazi yaingizwe katika gharama za safari, pamoja na mafuta na barafu, kabla ya mgao. Barafu hununuliwa ili samaki asiharibike. Hakuna sababu ya haki inayofanya mgongo wa mvuvi upewe daraja la chini kuliko la samaki wake. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo tayari hujadili nyavu na vipindi vya uvuvi pamoja na matajiri na manahodha, ndivyo mahali pa kulianzisha jambo hili, na mhudumu wa afya wa eneo ana haki ya kualikwa humo.

Maswali matatu

Kilichobaki ni kidogo na hakihitaji bajeti ya wizara. Kila mhudumu anayempokea mtu wa majini amwulize maswali matatu. La kwanza: unapokuwa chomboni unalala juu ya nini? La pili: unalala saa ngapi kwa mkupuo mmoja kabla ya kuamshwa? La tatu: usiku jiko, mafuta na chandarua viko wapi? Majibu yaandikwe katika jalada pamoja na shinikizo la damu na uzito. Kwa maswali hayo kiuno kitapata maelezo, homa isiyoeleweka itapata chanzo, na nahodha anayesinzia atagunduliwa kabla bahari haijamgundua.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Asingoje kuulizwa. Akifika zahanati aseme kwamba yeye ni mtu wa chombo, kwamba hulala juu ya magunia, kwamba wenzake wawili waliumwa kichwa usiku uleule. Habari hizo si malalamiko, ni nusu ya uchunguzi. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na tabibu hajawahi kukilalia kitanda kile. Asipoambiwa, ataendelea kutibu kwa vidonge vya siku tano mwili unaoumizwa kila usiku.